Bafu Linalovuja na Uwakili Wetu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na idara yetu ya maji katika semina ya kamati za parokia. Tunayachapa kwa ombi la wajumbe waliotaka kubaki nayo.



 Mlitarajia tuzungumze juu ya visima. Tutafika huko, lakini tuanzie bafuni.

Katika nyumba yetu ya wageni kulikuwa na bomba la mvua lililovuja kwa muda wa miezi saba. Tulilijadili katika vikao vitatu. Fundi aliitwa, akabadilisha kichwa cha bomba, yaani kile chenye matundu, akalipwa akaenda zake. Usiku uleule likaanza tena: ndo, ndo, ndo. Hatimaye tuliingiza "ukarabati wa bafu" katika maombi ya fedha kwa wafadhili. Barua ya majibu ilikuja na swali moja tu: kilichoharibika ni nini? Tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameifungua ile koki.

Tulitahayari zaidi kwa sababu wiki hiyohiyo tulikuwa tumerudi kijijini, ambako tuliwaambia wanakamati wa maji kwa maneno makali kwamba pampu ni yao na kuitunza ni jukumu lao.

Jioni moja tukatega ndoo ya lita 20 chini ya bomba lile, saa moja kamili. Saa moja asubuhi ilikuwa imefika nusu. Maana yake ni lita 20 kwa siku, na kwa miezi saba ni zaidi ya lita 4,000, au ndoo 200 na zaidi. Siku ina sekunde 86,400. Tone moja likidondoka kila sekunde, na tone likiwa na robo ya mililita, unapata zaidi ya lita 21 kwa siku. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Sisi kibaba chetu kilikuwa kikimwagika.

Aliyetuokoa ni mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyewahi kufanya kazi ya mabomba ujanani. Alituambia, "Wanangu, mnatibu mdomo, kidonda kiko kooni." Akatuonyesha, na tangu siku hiyo tunafanya wenyewe. Naomba tuwapitishe hatua kwa hatua.

Kwanza, hakikisheni kama ni uvujaji kweli. Ukifunga maji, yale yaliyobaki ndani ya kichwa cha bomba yataendelea kudondoka kwa dakika chache. Hiyo si hitilafu. Lakini likidondoka baada ya nusu saa, koki haifungi. Kichwa hakina kosa, kwa kuwa kazi yake ni kutawanya maji tu. Kinachozuia maji ni koki iliyoko ukutani, na ndani yake mna mpira mdogo wa duara ambao mafundi huuita washa. Ukifunga koki, washa hukandamizwa juu ya tundu la shaba na kuliziba. Washa ikichakaa, maji hupenya.

Pili, msikaze kwa nguvu. Hili ndilo kosa la wengi wetu. Koki ikivuja tunaikaza zaidi, kesho tunaongeza nguvu, mpaka mtoto hawezi kuifungua. Kila tunapokaza tunaukata mpira na kuumiza shaba iliyo chini yake.

Tatu, fungeni maji kwenye geti valvu kuu, iliyoko kwenye tangi au karibu na mita. Kisha fungueni bomba jingine lililo chini zaidi ili maji yaliyobaki yatoke. Kama kichwa cha bomba lenu kinachemsha maji kwa umeme, zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Hapo msifanye mzaha, maji na umeme ni hatari kwa maisha. Zibeni tundu la maji machafu kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia humo hamtaiona tena.

Nne, ondoeni mkono wa koki. Kwa kawaida kuna kifuniko kidogo juu yake. Kikibanduliwa kwa bisibisi mtaona skrubu. Mkono ukitoka na ganda lake, mtaona nati ya shaba. Zungusheni koki nusu wazi kwanza, ili mpira usisagike, kisha fungueni nati kwa spana kinyume cha mshale wa saa. Viringisheni kitambaa kwenye spana ili msikwaruze. Kama nati imezama ndani ya ukuta, tumieni spana ya boksi, msivunje vigae.

Tano, vuteni kipande cha ndani mkitazame. Mwishoni mwake ndipo washa ilipo, imeshikwa kwa skrubu ndogo au imechomekwa tu. Ya kwetu ilikuwa imelika na kuacha mfereji wa duara, mfano wa alama ya pete. Chukueni hiyo ya zamani mwende nayo dukani ili mpate ya kipimo kilekile; msikisie. Koki nyingi za bafuni ni za nusu inchi. Washa tuliyonunua haikufika bei ya soda.

Sita, kabla ya kuiweka mpya, ingizeni kidole mpapase pale inapokaa. Pakiwa laini, endeleeni. Mkikuta mchanga, futeni. Mkikuta ukoko mweupe wa chokaa, lainisheni kwa siki na mswaki wa zamani. Lakini mkihisi pamekwaruzika au pana pengo, washa mpya nayo itakatwa baada ya muda mfupi. Hapo mwiteni fundi mwenye kifaa cha kusaga pale mahali pawe sawa, au badilisheni koki nzima.

Saba, rudisheni kila kitu kwa mpangilio uleule. Fungueni geti valvu polepole, kwani maji yakija kwa kishindo hubeba uchafu ulioko bombani. Fungeni koki kwa vidole tu. Ikifunga bila nguvu, kazi imekamilika.

Kuna koki za kisasa ambazo huzungushwa robo tu, au huinuliwa kwa mkono mmoja. Hizo nyingi hazina washa ya aina hii. Ndani yake mna vibati viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Zikivuja, kwa kawaida hubadilishwa kipande chote cha ndani, na hicho pia mwende nacho dukani kama mfano.

Ndugu wajumbe, kazi yote ilituchukua chini ya saa moja. Vikao vyetu vitatu vilichukua saa ngapi? Ndiyo maana tunasema habari hii si ya mabomba peke yake, bali ni ya uwakili.

Injili ya Yohane, sura ya 6, inasimulia jinsi Bwana alivyowalisha watu elfu tano. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate ndiye aliyeagiza mabaki yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Hakusema mingine itapatikana. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kupunguza matumizi ya maji miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote.

Sasa twende kijijini. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mkazo kwamba jamii za vijijini zimiliki na kuendesha miradi yao, zikichangia gharama za uendeshaji na matengenezo. Pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Kenya na Malawi, ilikusudiwa tangu mwanzo ifunguliwe na wanakijiji wenyewe kwa vifaa vichache. Nayo ndani ina mipira midogo inayochakaa. Ikichakaa na isibadilishwe, pampu iliyogharimu mamilioni husimama, na akina mama hurudi kwenye dimbwi wakiwa na ndoo kichwani. Kijiji hakikukosa kisima. Kilikosa mpira, na mtu wa kuuweka. Sisi tuliolala na bafu linalovuja miezi saba, huku duka likiwa karibu, tungewalaumuje?

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote mambo matatu. La kwanza, kabla ya mwisho wa mwezi huu, mjue geti valvu kuu ya kila jengo la parokia iko wapi, na mjaribu kama inafunga. La pili, muwe na kisanduku chenye spana, bisibisi, tepu nyeupe ya mabomba na washa za nusu inchi za akiba, na mchague watu wawili wa kujifunza, mmoja wao awe mwanamke. Mama ndiye anayeona bomba linavuja kabla ya wengine. La tatu, katika kila taarifa ya robo mwaka, andikeni kilichoharibika, kilichotengenezwa, na nani alitengeneza.

Na kwenu wafadhili wetu tuna neno moja, kwa heshima. Tunajua bomba jipya hupendeza katika picha, na washa haipigwi picha. Hata hivyo tunawaomba mkubali katika bajeti zetu fungu dogo la vipuri na mafunzo. Na mkiona tunaomba "ukarabati", endeleeni kutuuliza swali lile: kilichoharibika ni nini? Lilituaibisha, lakini ndilo lililotusaidia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, tulieni kidogo msikilize. Mkisikia tone, tegeni ndoo. Asubuhi mtajua mnachopoteza, na mchana mtakuwa mmeshakitengeneza.