Miti Shamba na Maumivu ya Mwili: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano wa Mwaka



Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya miti shamba itulizayo maumivu. Mimi si mganga, wala si daktari. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nililelewa Likoni na bibi yangu, ambaye hakuwa na sanduku la dawa ila ua wa nyumba yake. Basi nitasema kwa pande zote mbili, na atakayeona nimempunja mmoja wao na anivumilie.

Wengi wenu mwaikumbuka homa iliyotuingilia Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017, ikaendelea hata 2018. Watu waliamka asubuhi hawawezi kufunga vifungo vya shati. Jina lake ni chikungunya, nalo ni neno la Kimakonde, maana yake ni kule kukunjika kwa mtu kwa maumivu ya viungo. Iligunduliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Hapakuwa na dawa ya kuiua. Mgonjwa alipewa kitulizo, akaambiwa apumzike na anywe maji mengi, na viungo vikaendelea kumwuma kwa majuma, na wengine kwa miezi. Siku zile mwarobaini wa jirani yangu ulikwanyuliwa majani hata matawi ya chini yakabaki matupu. Sikumlaumu mtu. Mwenye maumivu hangoji hoja. (Na mbu aletaye homa ile huuma mchana, tena huzaa katika mapipa tuyajazayo maji wakati wa shida ya mifereji, yafunikeni, nawasihi.)

Je, miti hii yafaa kitu? Mingine yafaa, tena sana. Mafuta ya karafuu hufisha ganzi ufizi, na madaktari wa meno wenyewe wameyachanganya katika dawa zao za kuzibia meno kwa miaka mingi. Ukali wa pilipili huwasha ngozi, kisha mishipa ya fahamu ikachoka kupeleka habari za maumivu. Ndiyo maana leo hutiwa katika marhamu za kupaka magoti. Tangawizi imejaribiwa na wataalamu kwa wanawake wenye maumivu ya mwezi, ikaonekana yawapunguzia. Na kukandwa kwa maji moto, ambako kuli wa Kilindini amekujua tangu zamani mgongo unapomkataa, hakuna hospitali itakayokucheka.

Wala tusidhani kidonge na mzizi ni maadui. Aspirini ilitokana na uchunguzi wa gome la mti mmoja wa Ulaya uotao kando ya mito, ambalo Wayunani wa kale walilijua; mtaalamu wa kampuni ya Bayer aliitengeneza safi mwaka 1897. Mofini, ituliziayo wagonjwa wa saratani, yatoka katika mmea wa afyuni. Tofauti kubwa ni kipimo. Katika kidonge twajua ni kiasi gani. Katika sufuria ya mizizi hatujui, kwa kuwa mti wa Kisauni na mti wa Changamwe si lazima uwe na nguvu moja.

Hapo ndipo penye hatari. Homa ya dengi, iliyotufikia mwaka 2013 na baadaye tena, huanza kama chikungunya: kichwa, macho, viungo. Lakini mwenye dengi hapasi kunywa aspirini, kwa sababu damu yaweza kumtoka ndani. Basi mwenye homa akinywa kitulizo asichokijua, kiwe cha duka au cha mzizi, anabahatisha na damu yake. Vivyo hivyo mafuta ya mwarobaini: mtu mzima huyapaka, lakini watoto wachanga walionyweshwa wamepata kifafa na wengine wakafa, na habari hizo zimeandikwa na madaktari.

Nina jambo lingine, nalo laniuma kulisema. Mjomba wangu alikuwa na magoti mabovu. Alinunua unga wa majani, bila jina wala anwani, kwa mtu aliyepita na mkoba, na baada ya siku mbili akapanda ngazi kama kijana. Tulifurahi sote. Mwezi wa tatu alitapika damu. Daktari aliyempokea alishuku kuwa unga ule ulisagwa pamoja na vidonge vikali vya hospitali, jambo ambalo limethibitishwa katika nchi nyingi. Mjomba alipona, lakini aliyemwuzia hatukumwona tena. Mganga wa kweli humjua mgonjwa wake, na mgonjwa hujua mlango wa kumrudia.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili katika nchi yetu. Naona ni vema, lakini karatasi haimfikii bibi aliye kitandani. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sisi wauguzi tuache kuwakemea watu kwa majani waliyokunywa, maana aliyekemewa mara moja hatasema mara ya pili, nasi tutampa dawa tukiwa gizani. Nanyi, mjapo zahanati, tajeni kila mlichokunywa, hata kama ni maji ya mizizi ya babu.

Bibi yangu alinitia karafuu iliyopondwa katika jino bovu nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Maumivu yalitulia, nikalala. Siku ya pili alinitia tena. Siku ya tatu nilipomletea kinu mwenyewe alikiweka kando, akajitanda buibui lake, akanishika mkono, tukateremka kivukoni kwenda ng'ambo kung'oa jino.