Kazi na Wajibu wa Mwanasheria wa Halmashauri



Mitumbwi kutoka visiwani hushusha dagaa na samaki katika mwalo wa Kirumba, na mzigo huo huuzwa hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Penye biashara ya namna hiyo hapakosekani ushuru, leseni, vizimba na ugomvi wa mipaka. Nyuma ya kila stakabadhi kuna sheria, na anayeitunza sheria hiyo ni mtumishi ambaye wengi hawamjui: Mwanasheria wa Halmashauri.

Itakumbukwa kwamba serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa mijini mwaka 1978, kisha zikawekewa msingi mpya kwa sheria za mwaka 1982, ambazo ni Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji. Manispaa ya Ilemela, ambamo Kirumba imo, ilianzishwa mwaka 2012 baada ya kutengwa na Jiji la Mwanza. Mwanasheria wake huongoza kitengo cha sheria na humshauri Mkurugenzi pamoja na Baraza la Madiwani. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2020 imemwundia Mwanasheria wa Kaunti ofisi kamili. Hapa cheo ni cha chini zaidi. Mzigo wenyewe haupungui.

Kazi yake iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwananchi ni sheria ndogo. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge. Hivyo Halmashauri haiwezi kuamka na kutangaza ushuru mpya wa gunia la dagaa. Rasimu huandikwa, wananchi hutangaziwa ili wenye pingamizi walitoe, Baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana huridhia, ndipo sheria ndogo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hatua moja ikirukwa, mahakama yaweza kuifuta. Mwanasheria anayenyamaza kikaoni kwa sababu madiwani wana haraka ya mapato huwa ameiandalia Halmashauri hasara.

Pili ni amri za kubomoa na kuhamisha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Kirumba ni mji wa ufukweni. Ni kweli kwamba kibanda kilichojengwa humo hakina kinga. Hata hivyo Ibara ya 13 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla haki zake hazijaamuliwa. Wajibu wa Mwanasheria ni kuhakikisha ilani imeandikwa, imemfikia mhusika na imempa muda, kabla mgambo hawajapanda gari. Mama muuza samaki aliyepoteza kizimba na mtaji kwa siku moja hafarijiki kwa kuambiwa baadaye kwamba utaratibu ulikosewa.

Vilevile hupitia mikataba ya zabuni na ya upangishaji wa vibanda kabla haijatiwa saini. Kazi hii haionekani, nayo ndiyo inayookoa fedha nyingi.

Kuhusu mashauri, utaratibu umebadilika. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianzishwa mwaka 2018, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yanamtaka anayekusudia kuishtaki Halmashauri kutoa taarifa ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri. Asipounganishwa, shauri zima huharibika. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye samaki wake wameoza. Kwa hiyo Mwanasheria mwema huutumia muda huo kuchunguza dai, na likiwa la haki humshauri Mkurugenzi walimalize nje ya mahakama.

Isidhaniwe kwamba yeye ni wakili wa kila mwananchi. Mteja wake ni Halmashauri, na mwenye mgogoro nayo hana budi kutafuta ushauri kwingine. Migogoro ya ardhi baina ya majirani huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu.

Tangazo la sheria ndogo likibandikwa, lisomwe. Mwenye pingamizi aliandike, aeleze ni kifungu gani kinachomuumiza na kwa nini, alipeleke kwa Mkurugenzi kabla ya siku iliyotajwa, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.