Siki, Mbwa na Afya ya Boma

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru

 

Leo tumekuja kuongea juu ya mbwa. Wengine mtacheka, maana mikutanoni tumezoea habari za ng'ombe wa maziwa, kuku na mikopo ya kikundi. Lakini hebu kila mtu ajiulize: hao ng'ombe na kuku hulindwa na nani usiku? Na huyo mlinzi akiugua, tunamtibu na nini?

Tumeichagua habari hii kwa sababu kuna swali linalorudi kila mara: Je, siki ya tufaha, ile wengi huita vinega, ni dawa ya mbwa? Kuna wanaoipaka kufukuza kupe. Kuna wanaoipaka penye upele. Kuna wanaomnywesha mbwa ili atoke minyoo. Tena kuna wale wasemao kwamba mtu akiumwa na mbwa, kidonda kikisuguliwa kwa siki hakuna haja ya sindano. Hilo la mwisho ndilo hatuwezi kulinyamazia, kwa maana linaua.

Basi tulichukue jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

SIKI NI KITU GANI?

Siki ni maji ya matunda yaliyochacha mara mbili. Kwanza hamira hula sukari ya tunda na kuigeuza pombe. Halafu vijidudu vingine, vinavyohitaji hewa, huigeuza ile pombe kuwa asidi. Ndiyo maana siki ni kali. Siki nyingi za dukani zina asidi ya asilimia 5 hivi. Iliyobaki karibu yote ni maji.

Sifa zake hazikuanza jana. Wagiriki wa kale walichanganya siki na asali wakawapa wagonjwa. Huko Marekani, mwaka wa 1958, Daktari D. C. Jarvis wa jimbo la Vermont aliandika kitabu juu ya tiba za kienyeji za wakulima wa kwao, na ndani yake aliisifu sana siki ya tufaha kwa watu na hata kwa ng'ombe. Sifa hizo zilienea duniani, mpaka zikafika kwetu. Lakini sifa ni kitu kimoja, na kupimwa ni kitu kingine. Kitu kikiwa cha asili si lazima kiwe dawa, tena si lazima kiwe salama. Hata sumu ya nyoka ni ya asili.

INAWEZA KUSAIDIA WAPI?

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Siki iliyopunguzwa kwa maji ina kazi yake ndogo. Asidi yake huwasumbua baadhi ya kuvu na bakteria wanaokaa juu ya ngozi. Kwa hiyo mbwa mwenye harufu mbaya, ambaye ngozi yake ni nzima, anaweza kusuuzwa hivi:

1. Mwogeshe kwanza kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha umsuuze vizuri.
2. Changanya glasi 1 ya siki na glasi 3 za maji.
3. Jaribu kidogo mahali pamoja, ungoje mpaka kesho. Ngozi ikiwa nyekundu, acha kabisa.
4. Ikiwa hakuna shida, paka kwa kitambaa, ungoje dakika chache, halafu msuuze kwa maji safi.
5. Usipake machoni, puani, wala sehemu za siri.
6. Usipake penye kidonda au mahali alipojikuna mpaka ngozi ikachubuka. Asidi juu ya nyama mbichi ni moto. Mbwa huyo atakuuma, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Masikio je? Ni kweli hata madaktari wa mifugo hutumia dawa zenye asidi ya siki kwa masikio fulani. Lakini daktari huangalia kwanza ndani kama ngoma ya sikio ni nzima. Sisi hapa hatuna chombo cha kuangalia. Mbwa akiinamisha kichwa upande, akilia ukimshika sikio, au sikio likitoa usaha, usimimine chochote. Mpeleke kwa daktari.

INASHINDWA WAPI?

KUPE. Siki haiui kupe. Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, hakai juu ya mbwa maisha yake yote. Sehemu kubwa ya maisha yake anaishi kwenye nyufa za kibanda na kuta. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Hata ukimwosha mbwa kwa siki kila siku, wale wa ukutani wanakungojea tu. Kazi ni hii: choma matandiko ya zamani, ziba nyufa, fagia kibanda, na utumie dawa ya kupe iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Kupe mmoja mmoja mshike kwa kibano karibu na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimminye kwa vidole, wala usimpake mafuta taa. Kumbuka kwamba kupe huleta homa ya damu inayomfanya mbwa apauke fizi, akatae chakula na kukonda. Hiyo haitibiwi kwa kupaka.

VIROBOTO. Ni vivyo hivyo. Mayai yao huanguka kwenye matandiko. Gunia analolalia lifuliwe kwa maji moto, lianikwe juani.

UPELE. Upele ule wa kunyonyoa manyoya huletwa na wadudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi. Siki haiwafikii. Tena aina moja ya upele huo huwarukia watoto wanaocheza na mbwa, wakaanza kujikuna. Ombi letu kubwa ni hili: acheni kumpaka mbwa oili chafu ya gari. Oili ile ina sumu. Mbwa hujilamba, na sumu ikaingia tumboni. Vilevile msichukue sindano ya minyoo ya ng'ombe mkakisia kipimo cha mbwa. Kuna mbwa, hasa wa jamii ya koli, ambao dawa hiyo huwaua hata kwa kipimo ambacho mwingine angekivumilia.

MINYOO. Siki haitoi minyoo. Kumnywesha mbwa siki kali ni kumchoma koo na tumbo bure. Dawa ya minyoo iko agroveti, na huenda kwa uzito wa mbwa. Tena msiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni, yale yenye vifuko vya maji. Mle ndimo watoto wa tegu wanamojificha. Mbwa akila, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto wa nyumbani huyameza kwa mikono michafu. Huyo mtoto anaweza kuota uvimbe wa maji katika ini.

PAVO. Mbwa mdogo akitapika na kuharisha damu, mara nyingi ni ugonjwa wa virusi uitwao pavo, ulioanza kuonekana duniani katika miaka ya 1970 na kuenea haraka tangu 1978. Huo huua kwa siku chache. Siki haimsaidii mtoto huyo, wala haiviui virusi vilivyobaki sakafuni. Sakafu huoshwa kwa sabuni, halafu kwa maji ya Jik. Na hapa sikilizeni vizuri: MSICHANGANYE JIK NA SIKI HATA SIKU MOJA. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, ambayo huumiza mapafu ya mtu.

JAMBO LA KUFA NA KUPONA

Sasa tufike kwenye kichaa cha mbwa. Kwetu Kenya si ugonjwa mgeni. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujaondoka mpaka leo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu 59,000 hivi kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Karibu 4 katika kila 10 ni watoto chini ya miaka 15. Na karibu wote waliupata kwa mbwa.

Virusi hivi huwa katika mate. Mbwa akiuma, huingia katika nyama, halafu husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuwa ya wiki chache ama miezi. Mtu anaonekana mzima, kidonda kinapona, jirani anasema, "Si mnaona, siki imefanya kazi." Lakini vikishafika kwenye ubongo, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Ndiyo sababu siki, pilipili, mawe ya kunyonya sumu na mengine kama hayo ni hatari hata yasipochoma: yanampotezea mtu zile siku za kuokolewa.

Dawa ilipatikana zamani. Mwaka wa 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akaishi. Chanjo za leo ni bora kuliko ile. Basi mtu akiumwa, au akiparuzwa, au akilambwa penye kidonda, fanyeni hivi:

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Virusi hivi vina ngozi ya mafuta, na sabuni huivunja. Kipande cha sabuni ya kufulia kinashinda chupa ya siki.
2. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Ukikosa sindano hospitali moja, uliza wakuelekeze nyingine, na usirudi nyumbani kungoja.
3. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Kuanza na kuacha si kuchanjwa.
4. Mbwa akijulikana na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe haraka. Afungwe na kuangaliwa siku 10, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Lakini sindano hazingoji siku hizo ziishe. Mbwa akifa, msimzike kabla ya kuwaambia, maana ubongo wake unaweza kupimwa katika maabara ya Kabete.

Iliyo bora zaidi ni kinga. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali yetu iliweka mpango mwaka wa 2014 wa kuwaondolea watu kifo hiki ifikapo 2030. Mpango huo hautatimia ofisini. Utatimia bomani.

KWA NINI SISI HASA?

Tazameni pande zetu hizi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru. Mahali palipokuwa na mibuni leo pana ploti na nyumba za kukodisha, na karibu kila geti lina mbwa. Wengine wakihama humwacha nyuma. Mbwa hao huzurura kwenye majalala, huzaana, na hukutana na watoto asubuhi njiani kwenda shule. Mbwa wa jirani yako ni habari yako pia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, hesabuni mbwa wenu. Mwandishi wa kikundi afungue ukurasa mmoja: jina la mwenye mbwa, idadi, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Mtashangaa.

Pili, mnajua kazi ya merigoraundi. Kila mwenye mbwa aweke kidogo kila wiki, halafu kikundi kimwite daktari wa mifugo siku moja awachanje wote. Gharama ya safari ya daktari ikigawanywa kwa watu 20 haimlemei mtu. Ulizeni pia ofisi ya mifugo ya kaunti, maana tangu 2013 kazi hii iko chini ya kaunti, na wakati mwingine kuna kampeni za chanjo. Septemba 28 ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni siku nzuri ya kupanga.

Tatu, siku hiyo hiyo ulizeni habari za kuhasi, ili wasizaliwe watoto wa mbwa wasio na mwenyewe.

Nne, kwa wale wanaopenda siki. Tufaha si zao letu, na chupa ya dukani ni ghali. Lakini Thika ni nyumbani kwa nanasi. Maganda yaliyooshwa vizuri, sukari kidogo na maji, katika chombo cha kioo kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi, huwa siki. Baada ya wiki moja chuja maganda, kisha acha maji yake wiki nyingine 3 au 4 mpaka harufu ya pombe iishe. Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana asidi huila. Ikiota ukungu wenye manyoya, mwaga. Inafaa kung'arisha vyombo na madirisha, na kuondoa harufu katika kibanda. Ila nguvu yake haijapimwa, basi msiiandike "dawa ya mbwa" mkaiuza. Dawa ya mnyama inayouzwa ni lazima iwe imesajiliwa, na jina la kikundi lina thamani kuliko chupa kumi.

Ndugu zetu, siki ibaki na kazi yake, na sabuni, chanjo na daktari wabaki na kazi zao. Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla hatujafunga mkutano huu, tunaomba mwandishi afungue ule ukurasa, na mwenye mbwa wa kwanza ataje jina lake.