Pishi Moja kwa Siku

Nataka kusema nanyi habari ya kumtumaini Mungu. Si siku ya shida kubwa tu, bali hata siku ya kawaida, ya kukama ng'ombe na kuchuma majani ya chai.

Someni nyumbani kitabu cha Kutoka, mlango wa 16. Wana wa Israeli walipewa mana jangwani, kila mtu pishi moja kwa siku. Waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu, inanuka. Mungu angaliweza kuwapa chakula cha mwezi mzima mara moja, lakini hakufanya hivyo. Aliwataka watoke hemani kila alfajiri wakaokote. Siku ya sita tu waliokota maradufu, kwa ajili ya Sabato. Walikaa katika shule hiyo miaka 40.

Je, tusiweke akiba? La, ndugu zangu. Mkulima wa Mbeere asiyeweka mtama ghalani hamtumaini Mungu, bali anamjaribu. Yusufu naye aliweka nafaka kule Misri. Ghala si dhambi. Shida huanza moyo unapohamia humo.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1984. Mvua ya masika ilikosa, mashamba ya Mbeere na Tharaka yakakauka, watu wakala mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Watu wa Mungu waliomba, na ng'ombe wao wakafa vilevile. Tusilifiche jambo hilo. Kumtumaini Mungu si kufanya biashara naye, kwamba mimi nitoe sala naye atoe mvua. Nabii Habakuki alikusudia kumfurahia Bwana hata zizi likiwa tupu. Lakini neno kama hilo haliji kinywani kwa siku moja.

Ni kama njia ya mtoni. Mama anayeshuka kila siku mteremko wa mto Thuci kuteka maji, analijua kila jiwe; giza likimkuta, miguu yenyewe inaijua njia. Mgeni huteleza hapo hapo mchana kweupe.

Basi, jaribuni hivi. Asubuhi, kabla hujafungua mlango, mtajie Mungu jambo moja la siku hiyo, kwa jina lake: karo ya mtoto, homa ya nyanya, lile deni la dukani. Ya mwaka mzima yaache. Jioni, mkingoja githeri iive, ulizaneni pale jikoni: Leo tulimwachia Mungu jambo gani? Limekuwaje? Watoto nao wasikie. Siku nyingine jibu litakuwa, "Bado." Lisemwe hivyo hivyo, bila kulipamba, na kesho asubuhi jambo lile lile litajwe tena.