Baada ya Wiki ya Kwanza: Maneno kwa Mkutano wa Wanachama



Tarehe 15 mwezi wa 1, 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa kule Kasindi, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Mwezi wa 7, 2025, ADF waliingia Komanda usiku, wakakuta waamini wanakesha katika maombi. Watu zaidi ya 40 waliuawa.

Sisi tuliokimbia tukarudi tunajua namna inavyokwenda. Wiki ya kwanza kila mtu analeta maharagwe na maombi. Miezi mitatu ikipita, hakuna anayepiga hodi. Ndipo mama mjane anauza sufuria, mtoto anaacha masomo.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwanza, tumuulize mjane mwenyewe anahitaji nini, tusimpangie. Pili, tumtafutie kipande cha shamba karibu na mji, maana lile la mbali linaweza kumuua. Tatu, tusimpige picha akilia ili tupate msaada.

Tena tusimchukie jirani Mwislamu. Mwaka 2021, pale Beni, imamu aliyekuwa akiwakemea wauaji hao alipigwa risasi msikitini, saa ya sala. Msiba huu ni wao pia.

Leo sehemu ya mchango wetu tuiweke pembeni, itoke mwezi wa nne baada ya mazishi, wakati wengine wameshasahau. Tuombe, na jembe nalo lifike.