Elimu ya Biashara na Amana ya Kazi



Kambi hii ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo imepita 50,000. Elimu haikukosekana, maana tangu mwaka 2010 wako waliosoma hapa stashahada kwa njia ya intaneti, na baadhi yao wakachagua biashara. Lakini cheti ni kitu kimoja, na kazi ni kitu kingine. Sera ya Malawi yamtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 ndugu zetu waliokuwa na maduka Lilongwe walirudishwa huku. Basi kijana atajifunza wapi desturi za kazi?

Jawabu langu ni hili: madukani mwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika Suratul-Baqara, ni ya deni. Yatuamuru deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Hiyo ndiyo kazi ya karani. Nasi je? Twakopesha unga na mafuta mpaka siku ya posho, hesabu tumeziweka kichwani, na mwisho wa mwezi ni ugomvi.

Enyi wafanyabiashara, kila mmoja wenu na ampokee mwanafunzi mmoja kwa miezi mitatu. Mpeni daftari, aandike mauzo kila jioni na kuhesabu mali kila mwisho wa juma. Msimfanye mchukuzi wa magunia tu. Mkichelea kwamba ataijua faida yenu, mchukulieni ahadi ya kutunza siri, nayo itakuwa amana shingoni mwake.

Nanyi vijana, fikeni kabla mlango haujafunguliwa. Fedha ikipungua, semeni siku ile ile, wala msingoje kuulizwa. Jifunzeni Kichewa, lugha ya mnunuzi wa Dowa na Lilongwe, na Kiingereza cha barua za ofisini. Msione haya kufagia. Aliyesoma faida na hasara, kisha asijue kumpokea mnunuzi, hasara ameianza mwenyewe.

Siku mtakayopata ruhusa ya kwenda kufanya kazi Lilongwe, mwajiri atauliza ni nani awajuaye. Na awepo hapa mwenye duka wa kujibu: huyu alishika daftari langu, na haikupotea kwacha moja.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.