Moli Kabla ya Kanuni: Ufundishaji wa Kemia ya Msingi Mwaka wa Kwanza

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, mafundi wa maabara na walimu wa sekondari mlioalikwa,

1. Utangulizi

Wanafunzi wetu huja na tahasusi za PCB, PCM na CBG. Wapo wanaosomea famasia, kilimo, jiolojia na ualimu, lakini wote wanapitia kemia ya msingi: muundo wa atomu, vifungo, msawazo wa kikemia, asidi na besi. Matokeo yakiwa mabaya na sapu zikiwa nyingi, husemwa kwamba mada zimezidi. Hoja yangu ni tofauti: wengi hukwama kwa sababu wanatumia kanuni za moli bila kujua moli ni nini.

2. Mfano kutoka maabara

Mwanafunzi anapima gramu 1.325 za sodiamu kaboneti kavu na kutengeneza sentimita za ujazo 250 za mmumunyo wa 0.05 M. Anavuta 25 kwa pipeti, anadondoshea methili oranji, kisha anafungulia asidi ya hidrokloriki kutoka kwenye bureti hadi unjano ugeuke rangi ya chungwa. Zimetumika 25.00. Kazi ya mikono haina dosari. Anapofika kwenye daftari anaandika M₁V₁ = M₂V₂ na kupata asidi ya 0.05 M. Jibu sahihi ni 0.10 M.

Kanuni ile ni ya kuzimua: ukiongeza maji, idadi ya moli haibadiliki. Hapa kuna mmenyuko, na kila moli ya kaboneti humaliza moli mbili za asidi. Moli 0.00125 za kaboneti zimehitaji moli 0.0025 za asidi. Mwanafunzi amezidisha na kugawanya vizuri, ila hakujua anahesabu nini.

Kibaya zaidi, sisi wenyewe tunalilea kosa hilo. Zoezi la kwanza huwa sodiamu haidroksaidi na asidi ya hidrokloriki, ambazo uwiano wake ni moja kwa moja. Kanuni isiyohusika inatoa jibu sahihi, inapewa alama zote, inaingia kwenye madesa na kurithiwa na wanaofuata.

3. Mapendekezo

(a) Wiki ya kwanza ya maabara, kila kundi lipime moli moja ya maji (gramu 18), ya chumvi ya mezani (gramu 58.5) na ya sukari (gramu 342). Uzito unapishana sana, lakini idadi ya vipande kwa mujibu wa fomula ni ile ile: 6.02214076 × 10²³, ambayo tangu Mei 2019 ndiyo fasili rasmi ya moli.

(b) Zoezi la kaboneti litangulie lile la haidroksaidi, ili uwiano wa moja kwa mbili umlazimishe mwanafunzi kuanza na mlinganyo.

(c) Ripoti ianze na sentensi mbili kabla ya namba yoyote: nini kimemenyuka na nini, na kwa uwiano gani. Kwa kuwa majadiliano ya vikundi hufanyika kwa Kiswahili, sentensi hizo ziruhusiwe kwa Kiswahili, hata kama mtihani utabaki wa Kiingereza.

Itasemwa kwamba madarasa ni makubwa na bureti hazitoshi. Ni kweli. Hata hivyo, chumvi na sukari zinapatikana duka lolote, na kubadilisha mpangilio wa mazoezi hakuhitaji bajeti. Gharama halisi iko kwenye (c), kwa sababu kusahihisha maelezo kunachukua muda kuliko kutia vema kwenye jibu.

4. Hitimisho

Bafa, msawazo na kasi ya mmenyuko vyote vinahesabiwa kwa ukolezi, na ukolezi ni moli ndani ya ujazo. Asiyeelewa moli mwezi wa kwanza atakariri hadi mwaka wa tatu. Naomba vikundi vya majadiliano vijibu swali moja: ni mada ipi tuko tayari kuipunguza muhula ujao ili wiki ya (a) ipate nafasi?

Naomba kuwasilisha.